Paka na mbwa kwenye gari za Mokowe–Malindi: tuwaruhusu kwa masharti gani?

katibu_mokowe

Assalaam alaykum jamani. Chama chetu kina gari za viti 33 na zile ndogo za viti 14, zinatoka Mokowe, zinapita Witu na Minjila hadi Malindi. Hatuna sharti lililoandikwa kuhusu wanyama wa nyumbani, kwa hivyo kila konda anaamua lake. Huyu anakubali paka akiwa kwenye kikapu, yule anataka atiwe kwenye buti, wa tatu anakataa kabisa, na abiria keshavuka maji kutoka Amu (kisiwa cha Lamu) na mizigo yake yote.

Tunataka kuandika sharti moja, libandikwe pale ofisini na kila konda awe na nakala. Sisemi juu ya mbuzi na kuku, hao ni mifugo na wana utaratibu wao. Nauliza juu ya paka, mbwa, sungura na ndege wa kufugwa. Wakae ndani au kwenye buti? Ndani ya chombo gani, cha kipimo gani? Nauli ihesabiwe vipi? Karatasi zipi ziulizwe? Na abiria asiyetaka kukaa karibu na mnyama, haki yake ni ipi?

Naomba vipimo na sababu. Kusema "inategemea" konda hawezi kulitumia saa kumi na moja alfajiri.

---

konda_barabara_ya_pwani

Katibu, waalaykum salaam. Nianze na buti, maana hapo ndipo wanyama wanapofia.

Buti ya gari ya viti 33 iko nyuma, karibu na ekzosi. Gari ikiwa mwendoni, upepo unaopita ubavuni huacha utupu mgongoni, na utupu ule huvuta vumbi na moshi ndani kupitia kila ufa wa mlango. Begi halidhuriki. Kiumbe kinachopumua mle kinavuta moshi wa injini njia nzima. Tena gari ikisimama kwenye kizuizi cha ukaguzi, hewa haisongi hata kidogo na bati liko juani. Ongeza magunia yanayoteleza dereva akikanyaga breki. Kwa hivyo sharti la kwanza liwe hili: paka na mbwa hawapandi buti, hawapandi keria. Ama ndani, ama hasafiri siku hiyo.

Kwa chombo, kataeni vitu vitatu. Gunia, kwa sababu hewa haiingii na konda hawezi kuona kama aliye ndani yuko hai. Boksi la katoni, kwa sababu mkojo mmoja tu unalainisha chini yake, na mwenyewe akilinyanyua pale Minjila, tako linabaki sakafuni na paka yuko uvunguni mwa viti. Na kapu la miyaa lililofungwa mdomo kwa leso. Kapu lenyewe ni zuri, hewa inapita, lakini paka mwenye hofu hupanua upenyo wa leso kwa kichwa chake, na kichwa kikipita mwili wote unapita.

Asiye na sanduku la dukani na atengeneze la kreti. Unachukua kreti mbili za plastiki zenye matundu, zile za mikate au za mboga, unaifunika moja juu ya nyingine, midomo ikitazamana. Unazibana kwa zile kamba za plastiki za mafundi wa umeme, mbili kila kona, jumla nane. Upande mmoja unaacha kamba mbili zisikatwe mikia, ili ziwe rahisi kuzitambua ukitaka kufungua. Beba mkasi mdogo na kamba nne za akiba. Matundu yawe madogo kuliko kichwa cha mnyama. Kreti ya soda haifai, matundu yake ni mapana na vigawanyo vya ndani vinamzuia kulala.

Kipimo cha paka wa kilo tatu hadi tano: urefu sm 45, upana sm 30, kimo sm 30. Konda asibebe futi, aangalie tu kama mnyama anaweza kusimama, kugeuka na kulala. Kisha sanduku lipite katikati ya miguu ya mwenyewe, kati ya kiti chake na kiti cha mbele. Hapo breki ikikanyagwa haliendi popote. Pajani linaruka, na kwenye kiti mkanda unalibonyeza bila kulishika sawasawa.

Ila si kila sakafu. Kwenye ile ndogo ya viti 14 injini iko chini ya viti vya mbele, na chuma chake kinachoma hata kupitia kandambili. Kwa hivyo hakuna mnyama kwenye safu ya dereva. Kwenye 33 msiweke karibu na boneti ya ndani, ni moto uleule. Popote pengine, gunia tupu lililokunjwa mara nne chini ya sanduku linatosha.

Nauli: chombo kikikaa miguuni mwa mwenyewe, bure. Kikichukua kiti, kilipiwe kiti kizima. Msianzishe "nusu nauli ya paka", mtabishana mpaka Gongoni. Wawili kwa safari moja kwenye 33, mmoja kwenye 14, na mbwa na paka wasipangwe gari moja. Wiki ya Maulidi na siku za kuamkia Idi msibebe kabisa, watu wanabanana hadi mlangoni na hakuna sakafu ya kubakia.

---

dkt_mifugo_pwani

Nashukuru konda umeanza na buti. Naongeza yanayotokea kabla gari haijaondoka, kwa sababu matatizo mengi ya njiani hutengenezwa nyumbani.

Paka asilione sanduku kwa mara ya kwanza siku ya safari. Liwekwe wazi ndani ya nyumba siku saba hadi kumi na nne kabla, na kitambaa anachokilalia kiwe ndani, ale humohumo. Paka anayeingia mwenyewe hulala njia nzima. Aliyesukumwa humo alfajiri ndiye anayelia, anayekojoa na anayewapa abiria sababu ya kulalamika.

Chakula kisimame saa nne hadi sita kabla ya kuondoka kwa paka na mbwa wazima. Watoto wao walio chini ya miezi mitatu, saa mbili zinatosha, wakikaa na njaa ndefu sukari ya mwilini hushuka na wanalegea. Sungura ni kinyume kabisa: hawezi kutapika na utumbo wake haupaswi kusimama, kwa hivyo awekewe majani makavu ale njiani. Maji wapewe wote mpaka dakika ya kuondoka, na gari ikisimama Minjila wapewe vijiko viwili vitatu. Maziwa, hapana. Ukiona paka anajilamba midomo na udenda unamtoka, kichefuchefu kimeanza. Funika upande unaotazama dirisha ili asione vitu vinavyokimbia, uache pande nyingine wazi.

Chini ya sanduku tandika pampasi ya mtoto iliyopasuliwa, upande wa pamba juu. Mbili zinatosha hadi Malindi. Usitandike nailoni. Mkojo unabaki juu yake, mnyama analala kwenye unyevu, na harufu inapanda yote.

Tena nawaomba sana: msiwape dawa za watu. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja, kwa sababu ini lake halina njia ya kuivunja. Dawa za usingizi na za mafua za binadamu nazo msikisie. Kama mnyama ana hofu kubwa, mwenyewe aje kwa daktari wa mifugo wiki moja kabla. Dawa ipo, lakini kipimo kinafuata kilo na inajaribiwa nyumbani kwanza.

Joto sasa. Mwili wa paka mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39. Hatoi jasho kama sisi, na paka anayehema mdomo wazi tayari yuko hatarini, si kama mbwa ambaye kuhema ni kawaida yake. Mpelekeni kivulini, mlowesheni nyayo, tumbo na mapaja kwa maji ya kawaida, mpepeeni. Maji ya barafu hayahitajiki. Kosa ninaloliona sana ni kufunika sanduku zima kwa leso mbichi. Leso mbichi iliyobana matundu inazuia hewa, na ndani panageuka chungu cha kupikia. Wenye pua fupi, mbwa na paka wote, wasafiri na gari ya alfajiri tu.

Kwa mbwa: kifunga mdomo kiwe cha kikapu, ambacho ndani yake anaweza kufungua mdomo na kutoa ulimi. Kumfunga pua kwa kamba au kitambaa kunamzuia kuhema, na kuhema ndiko kupoa kwake. Konda akiona kamba puani asimpandishe.

Karatasi: kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa mbwa na kwa paka. Angalieni tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo (mara nyingi ni kile kibandiko cha kichupa), sahihi na muhuri wa daktari. Chanjo ya kwanza hutolewa kuanzia miezi mitatu na huhitaji wiki tatu hadi nne kujenga kinga, kwa hivyo kadi iliyopigwa muhuri jana haina maana. Baada ya hapo ni kila mwaka. Kichaa cha mbwa kina sheria yake hapa Kenya, Sura ya 365, na kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa ni kosa chini ya Sura ya 360. Sharti lenu likitaja sura hizo mbili litakuwa na uzito.

Akiuma mtu: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Hakuna kupaka pilipili wala mafuta. Mbwa au paka aliyeuma huangaliwa siku kumi, na hapa ndipo konda anapohusika: asipoandika jina na simu ya mwenye mnyama kwenye orodha ya abiria, hizo siku kumi hazina wa kuzifuatilia.

---

nahodha_wa_jeti

Mumesahau maji. Mnyama haanzii Mokowe, anaanzia jeti ya Amu.

Sanduku lisifungwe kamba kwenye boti. Nalirudia, lisifungwe. Watu hulifunga kwenye ubao wakidhani wanalilinda na wimbi, boti ikilala linazama nayo. Mwenyewe alishike, likae sakafuni katikati ya chombo, mbali na mashine na dumu la petroli. Mvuke wa petroli hutambaa chini, na pua ya paka iko hukohuko chini.

Ngazi za jeti wakati maji yamekupwa, hasa bamvua, zina utelezi. Sanduku libebwe kwa mikono miwili kutoka chini, si kwa mpini. Kishikio cha plastiki huachia pale pale mtu anaporuka. Mwenyewe ashuke kwanza mikono mitupu, apokee sanduku kutoka kwa aliye juu. Kipindi cha kusi vuka mapema asubuhi kabla upepo haujashika, na funika upande wa joshini, unakotoka upepo, peke yake.

Mbwa mkubwa anateleza kwenye sakafu ya fiba, akiteleza anaruka. Tandika mkeka au gunia bichi chini ya miguu yake. Na kutoka nyumbani hadi jeti, mtu atembee na sanduku lake mkononi. Juu ya shogi la punda linapigwa jua na linatikiswa, na punda akisikia mlio wa paka mgongoni anaweza kushtuka kwenye vichochoro vile.

---

bi_mkomani

Wanangu, mimi nasemea abiria wa kiti cha pili.

Kuna watu wenye pumu. Kinachowadhuru si nywele, ni chembe za mate na ngozi ya paka, nyepesi kuliko vumbi, zinashika kwenye vitambaa vya viti na kubaki miezi. Kumwambia mtu "mbona paka yuko kwenye sanduku" hakumsaidii. Kinachosaidia ni konda kuuliza kwa sauti kabla ya kuondoka: "Kuna mnyama, yuko mwenye pumu au aleji?" Akiwepo, akae mbele safu tatu au zaidi, madirisha wazi. Akisema hawezi kabisa, mwenye paka asubiri gari inayofuata bila kulipishwa tena, maana pumzi ya mtu haina mbadala. Na sanduku lisifunguliwe ndani ya gari kwa sababu yoyote.

La pili ni twahara, tuliseme wazi maana wengi wanalifikiri na hawalisemi. Paka si najisi, mate yake ni twahara, tunakaa naye majumbani miaka yote. Mkojo wake ndio najisi, kwa hivyo ile pampasi ya daktari ni lazima. Mbwa, kwa madhehebu yetu ya Shafi, mate na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kugusa kikavu hakuhamishi kitu. Kwa hivyo mbwa mkavu aliyefungwa mdomo hamharibii mtu kanzu yake. Tabu ni kiti: kiti cha kitambaa kilichodondokewa udenda hukioshi kwa udongo mara saba pale Malindi huku gari inajazwa. Basi mbwa asipande kiti, hata kama kimelipiwa. Akae sakafuni juu ya gunia lake mwenyewe, safu ya mwisho, pembeni ya dirisha, na mwenyewe akae kati yake na watu. Akishuka, gunia lishuke naye.

Mkiandika hivyo, wengi wanaokataa mbwa leo watakubali. Wanachokiogopa ni kutoka garini hawajui kama wanaweza kuswali na nguo zilizo mwilini.

---

katibu_mokowe

Allah awalipe. Nimeandika haya, mnikosoe:

"Paka, sungura na mbwa wa hadi kilo 10 watabebwa ndani, kwenye chombo kigumu chenye hewa pande tatu, miguuni mwa mwenyewe, bila malipo. Mbwa wa zaidi ya kilo 10: mmoja kwa gari ya viti 33, safu ya mwisho, sakafuni, kifunga mdomo cha kikapu, mwenyewe alipe viti viwili. Hatabebwa kwenye gari ya viti 14. Kadi ya chanjo ionyeshwe kabla ya kulipa nauli."

Maswali mawili yamebaki. Kwenye vizuizi, askari akitaka sanduku lifunguliwe tufanyeje? Na ndege je?

---

konda_barabara_ya_pwani

Kuhusu kizuizi: pale ndipo paka wanapotoroka, na paka aliyekimbilia kichakani kati ya Gamba na Witu harudi. Ndiyo maana upande mmoja wa chombo uwe wa wavu au matundu yanayoonyesha ndani yote. Askari anachotaka ni kuona, akimulika tochi na kuona paka, mara nyingi anatosheka. Kadi ya chanjo iwe kwenye mfuko ulioning'inizwa nje ya sanduku, pamoja na simu ya mwenyewe kwenye kipande cha plasta. Akisisitiza, hapo tu ndipo katazo la Bi Mkomani lilegezwe: lifunguliwe ndani ya gari, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, kamwe si barabarani. Na paka awe amevaa mkanda wa kifuani tangu nyumbani, kamba ikiwa mkononi mwa mwenyewe kabla kifuniko hakijaguswa. Kola ya shingoni haitoshi, akirudi nyuma inamvuka kichwa.

Katika sharti lako ongeza: jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, habebwi. Harufu yake itamfanya dume wa mtu mwingine apagawe hata ndani ya sanduku.

---

dkt_mifugo_pwani

Ndege wa kufugwa wadogo, sawa, kizimba kifunikwe kitambaa chepesi pande tatu. Kasuku wa kijivu ni habari nyingine. Tangu 2017 yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, na hapa nchini hakai wala hasafiri bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kobe na komba vilevile ni wanyamapori, hata kama mtu amemlea tangu mdogo. Konda asikubali maelezo ya mdomo, gari ikikamatwa naye yumo.

Sharti lako ni zuri, Katibu. Badili "kabla ya kulipa nauli" iwe "kabla ya kuvuka maji". Wekeni namba ya simu ya ofisi, mwenye mnyama atume picha ya kadi na ya chombo siku moja kabla, mumjibu ndiyo au la akiwa bado nyumbani kwake Amu. Hapo tatizo ulilolianza nalo halipo tena. Abiria wa Uingereza huruhusiwa wanyama wadogo wawili bure kwenye treni na hakuna anayekaguliwa kadi mlangoni, lakini kule hawana kichaa cha mbwa kama sisi. Tusiige hilo.

Na usafi, maana najua mtatumia jiki. Mkojo wa paka una amonia. Ukimwaga jiki juu yake moja kwa moja inatoka hewa kali inayochoma macho na mapafu, na ndani ya gari iliyofungwa ni hatari kwa kijana anayeosha. Kwanza nyonya mkojo kwa vitambaa vikuukuu, pili osha kwa sabuni na maji mengi, suuza, ndipo upake jiki iliyochanganywa na maji, milango wazi. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa maji msiitumie sehemu anapokaa paka. Ina sumu kwake, inamwingia kupitia nyayo na anapojilamba.

---

katibu_mokowe

"Kabla ya kuvuka maji", nimebadili. Simu ya ofisi itakuwa kwenye bango la jeti ya Amu na la stendi ya Malindi, kwa wanaorudi. Nahodha, nitakuletea nakala ya kubandika pale ngazini.

---

nahodha_wa_jeti

Ilete na yenye plastiki juu, ile chumvi inakula karatasi kwa wiki mbili. Na maandishi makubwa.